Miche dhaifu ya pilipili manga na vanila kitaluni: ipi tuiuguze na ipi tuichome moto?

Mwanzisha uzi (Wete, Pemba)

Assalaam alaykum ndugu zangu wakulima wa viungo.

Kila mwaka masika yanapokaribia, vitalu vyetu hujaa vipando vya pilipili manga na vanila vinavyosubiri mvua ili vihamishiwe shambani, na katika kila kitalu haikosi safu ya miche ambayo mwenyewe hajui aifanyeje, kwa kuwa haijafa wala haijashika. Majani yamepauka, kikonyo kimelegea, jicho limevimba kidogo kisha likasimama hapo hapo. Mwenye kitalu huipita asubuhi na jioni, huimwagia maji zaidi kwa huruma, na mvua inapoanza huichanganya na mizima ili asipate hasara. Nauanzisha uzi huu kwa sababu naona jambo hilo la mwisho linatuharibia mashamba kuliko ukame.

Swali linaloulizwa kwa kawaida ni kama mche utapona. Kabla ya hilo inapasa tuulize umepatwa na nini. Mche ulioteswa na jua, kiu, safari au mbolea isiyoiva unauguzika, na ukipona umepona kweli. Mche ulioshikwa na ukungu wa kuozesha mizizi, minyoo ya mizizi au virusi unaweza kuchipua majani mapya na kumfurahisha mwenyewe, lakini utaingia shambani pamoja na ugonjwa wake na kuugawa kwa jirani zake.

Tukumbuke kwamba pilipili manga na vanila hatuzioteshi kwa mbegu. Kipando ni kipande cha mzazi wake, na chochote alichonacho mzazi ndani ya utomvu wake, kipando kinacho. Wazanzibari tumelijua hili kupitia muhogo: batobato na michirizi ya kahawia vilienea sana kwa sababu tulikuwa tukikata pingili katika mashina yaliyougua na kupeana, hadi mwaka 2007 zilipotolewa rasmi aina za Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui zinazostahimili maradhi hayo. Kwa vanila hatari ni kubwa zaidi, maana sehemu kubwa ya vanila inayolimwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi inatokana na vipando vichache vilivyofikishwa kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion, katika karne ya 19. Mimea inayofanana kiasi hicho hushindwa na adui mmoja kwa namna moja.

Sasa tuingie kitaluni. Majani ni mashahidi dhaifu, kwa sababu jani la njano linaweza kuletwa na maji mengi, maji machache, jua, njaa ya udongo au mizizi iliyooza, na kwa macho yote hayo hufanana. Mizizi ndiyo yenye kusema kweli. Mimi huchukua kiriba kimoja, yaani kifuko cha plastiki kinachooteshewa mche, katika safu inayotia shaka, nikakichana kwa upande na kuulaza mche katika beseni la maji safi, kisha nikausuuza udongo taratibu bila kuuvuta. Mizizi ya pilipili manga iliyo hai ni meupe au ina rangi ya maziwa, ncha zake ni mbichi, na ukiubana mzizi mmoja kati ya vidole haupondeki. Mizizi iliyooza ni ya kahawia iliyokolea au myeusi, na ukiuvuta mzizi kidogo ngozi yake huvuka ikabaki mkononi, na ndani hubakia uzi mwembamba tu. Mara nyingi na harufu yake hubadilika. Baada ya hapo hukata kitako cha kipando kwa kisu kilichofutwa spiriti, mkato wa mshazari, nikatazama rangi ya ndani. Kijani hafifu au nyeupe yenye unyevu ni heri. Mstari wa kahawia unaopanda juu kutoka kwenye kitako unamaanisha kwamba mche huo umekwisha, hata kama jani lake la juu bado linang'aa.

Kama mizizi ina vifundo vilivyovimba, au ina madoa ya rangi ya machungwa yanayoelekea zambarau juu ya mizizi michanga myeupe, hiyo ni minyoo. Mkulima hawezi kuitoa minyoo ndani ya mche uliokwisha kushikwa, na mche huo ndio mwanzo wa ule mnyauko wa polepole ambao baadaye humfanya mtu ashangae kwa nini pilipili yake inageuka njano mwaka baada ya mwaka bila kufa wala kuzaa.

Virusi havihitaji beseni. Jani hutoka dogo, jembamba, limejikunja, lina mabaka ya njano na kijani yasiyo na mpangilio, na nafasi baina ya kifundo na kifundo hupungua hadi mche unaonekana kama umebanwa. Tofauti yake na njaa ya mbolea ni kwamba njaa hushika safu nzima kwa usawa na hupungua ukiulisha mche, ilhali virusi huchagua mche mmoja hapa na mwingine pale, na kila jani jipya hutoka bovu kama lililotangulia. Mche wa namna hiyo huchomwa siku hiyo hiyo, na mzazi uliokatwa kipando chake hutiwa alama ili asikatwe tena. Vidukari na vidung'ata huvichukua virusi kutoka mche hadi mche, kwa hiyo kuuacha mmoja kwa kuuonea huruma ni kuiweka hatarini safu nzima.

Miche inayostahili kuuguzwa ni mingi kuliko tunavyodhani, na katika hiyo naanza na ile ya safari. Miche huletwa kutoka Unguja kwa chombo, ikashushwa bandari ya Mkoani, ikapandishwa juu ya gari wazi katika jua la mchana, na ikifika Wete au Konde majani yameungua upande mmoja na vikonyo vimelala. Mwenyewe huiona imekufa. Aipeleke kwenye kivuli kizito cha makuti, aifunike kwa karatasi ya nailoni iliyoinuliwa juu ya fito ili unyevu ubaki ndani, airashie maji kidogo mara kadhaa kwa siku badala ya kuifurisha mara moja, na asiitie mbolea yoyote. Jani lililoungua halitarudi kuwa kijani, hivyo asilitazame hilo. Atazame jicho lililo kwenye kifundo, kwani likibaki gumu na kijani mche u hai. Miche ya jua kali la kaskazi nayo huuguzwa hivyo hivyo.

Vanila ina hukumu yake, na hapa wengi hutupa mali. Kipando cha vanila kilicholegea na kujikunja kidogo wiki za mwanzo hakijafa. Shina lake ni nene na limehifadhi maji, na wataalamu wenyewe hushauri kipando kilazwe kivulini siku kadhaa baada ya kukatwa ili jeraha likauke kabla ya kupandwa. Kwa hiyo ulegevu ambao kwa pilipili manga ungekuwa habari mbaya, kwa vanila ni hali ya kawaida. La kuogopwa ni kitako kinachogeuka kahawia na kulainika, au mizizi inayofika ardhini ikafa, ikatoka mingine juu yake nayo ikafa. Huo ni ukungu wa fusari, ambao ndio adui mkubwa wa vanila duniani kote. Vanila hata hivyo ina rehema moja ambayo mche mdogo wa pilipili manga hauna: ni ndefu. Ukikata juu sana ya sehemu iliyooza, ukaona ndani ya mkato hamna hata chembe ya kahawia, kipande kilichobaki kinaweza kupandwa upya mahali pa mbali, katika makumbi na majani yaliyooza ambayo hayajawahi kugusa shamba lililougua. Kipande hicho ni cha mwenyewe kukitazama, wala si cha kuuzwa.

Muda nao uwe na mpaka. Mche wa pilipili manga ulioteswa na mazingira tu huonyesha dalili ndani ya wiki mbili au tatu za matunzo sahihi: jicho hufunguka au ncha mpya za mizizi huonekana. Usipoonyesha chochote, uache. Mpilipili manga hauanzi kuzaa kabla ya mwaka wa tatu hivi, na hudumu shambani zaidi ya miaka 20 ukitunzwa, hivyo hakuna faida kumkabidhi mfenesi mzuri, ambao ndio mti wa kuuegemea, mche uliochelewa tangu siku ya kwanza.

Mchangiaji, Mtambwe

Waalaykumu salaam. Nimeusoma uzi wote na ninaheshimu elimu iliyomo, lakini mimi ni mtu mzima na nimelima viungo tangu ujana wangu, na sikubaliani na wepesi huu wa kuchoma. Kipando kizuri cha pilipili manga ni shida kukipata, na wazee wetu hawakuwa na mabeseni wala spiriti. Mche ukidhoofika walikuwa wakiukata juu na kuuchomeka tena chini ya mgomba, na mingine ilishika na inazaa hadi leo. Kijana akifuata maneno haya atachoma nusu ya kitalu chake.

Mwanzisha uzi (Wete)

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa kusema waziwazi. Kuukata na kuuchomeka chini ya mgomba ni matunzo mazuri kabisa kwa mche uliopigwa na jua au kiu, kwa kuwa chini ya mgomba pana kivuli, unyevu na ubaridi, ambavyo ndivyo mche huo ulivyovikosa. Miche iliyoshika na kuzaa, naamini ilikuwa ya aina hiyo. Kijana akifuata niliyoyaandika atachoma michache tu, ikiwa mingi ya miche yake imedhurika kwa jua.

Ninalolisisitiza ni kutenganisha. Zamani mtu alikata kipando katika mpilipili wa babu yake na kukipanda katika kiambo hicho hicho, kwa hiyo maradhi, kama yalikuwapo, yalibaki nyumbani kwake. Leo kiriba kinatoka Dole au Kizimbani huko Unguja, kinavuka bahari, kinauzwa Chake Chake na kupandwa Micheweni, na udongo uliomo ndani yake unasafiri nacho. Kosa la kitalu kimoja huenda mbali sasa.

Na jambo jingine ambalo wewe unalijua kuliko mimi: ukikata upya, ukate katika kamba zinazotambaa chini au zinazopanda, usikate katika matawi ya pembeni yanayozaa. Tawi la pembeni hushika mizizi, lakini hutoa kichaka kifupi kisichopanda mti. Nimeona watu wakiitupa miche ya aina hiyo kwa kudhani imedumaa kwa ugonjwa, kumbe ina afya na inafaa kupandwa ndani ya chungu kibarazani.

Mwenye kitalu, Dole (Unguja)

Mimi nina tatizo la papo kwa papo. Tangu mvua zilipoanza kushuka mfululizo, upande mmoja wa banda langu, pale maji ya paa la makuti yanapodondokea, miche ya pilipili manga inaanguka majani ikiwa bado ya kijani. Majani yaliyobaki yana madoa meusi yenye kingo zilizochanika kama nyuzi, na yanakua haraka mno. Katika viriba viwili vitatu nimeona kitu kingine: nyuzi nyeupe zimezunguka shina pale linapoingia ardhini, na juu ya udongo kuna chembe ndogo za kahawia, ukubwa wa mbegu za haradali. Je, nipige dawa yote au nitoe ipi?

Mwanzisha uzi (Wete)

Ndugu yangu, una maradhi mawili kwa pamoja, na kwa yote mawili miche iliyokwisha kushikwa haiuguziki.

Madoa meusi yenye kingo za nyuzi na majani yanayoanguka mabichi ni dalili za fitofithora, ukungu uletao kuoza kwa mguu wa mpilipili. Husafiri kwa maji, na tone linaloanguka kutoka kwenye makuti na kurusha udongo juu ya jani ndilo gari lake. Ndiyo maana umeanzia pale pale chini ya mchirizi. Nyuzi nyeupe na chembe za kahawia ni ukungu mwingine, na chembe hizo ndizo mbegu zake zinazoweza kukaa udongoni muda mrefu zikingojea unyevu. Kwa hiyo usikimimine kiriba hicho kwenye lundo la mboji, na usiutumie udongo wake tena kwa hali yoyote.

Fanya kazi hii wakati majani yamekauka, si baada ya mvua. Toa kila mche wenye doa au nyuzi pamoja na kiriba chake, okota na majani yaliyoanguka, vitie vyote ndani ya gunia na uvichome mbali na kitalu, upande ambao maji hayarudi bandani. Kisha toa na miche inayopakana nayo, lakini hiyo usiichome: ipeleke peke yake mahali penye hewa na uitazame. Zuia mchirizi wa paa kwa bati au nailoni, panga viriba kwa nafasi, na punguza umwagiliaji.

Dawa ni kinga kwa miche mizima tu. Mchanganyiko wa mrututu na chokaa wa asilimia 1 hutengenezwa kwa kilo 1 ya mrututu, kilo 1 ya chokaa na lita 100 za maji, kila kimoja kikiyeyushwa peke yake katika chombo cha plastiki na kuchanganywa baadaye. Usitumie ndoo ya chuma. Kabla ya kupiga, chovya kisu safi cha chuma humo kwa muda mfupi. Kikitoka na rangi nyekundu ya shaba, ongeza chokaa mpaka rangi hiyo isitokee, kwani vinginevyo dawa yenyewe itaunguza majani. Vaa glavu na ufunike macho.

Kwa msimu ujao, udongo wa viriba ulowanishe na uufunike kwa nailoni angavu juani wiki nne hadi sita wakati wa kaskazi. Jua letu la Januari na Februari linaweza kazi hiyo.

Mchangiaji, Chake Chake

Mimi miche yangu haina madoa meusi wala nyuzi. Ncha za majani zimekauka zikawa kahawia, kingo nazo, na majani ya chini yana njano. Kitalu kiko karibu na pwani na ninamwagilia maji ya kisima. Nimeambiwa na mtu kwamba ni virusi, nichome yote.

Mwanzisha uzi (Wete)

Usichome hata mmoja kabla ya kuyaonja maji yako, dada yangu. Ncha na kingo zinazokauka kwa safu nzima bila kuchagua ni dalili ya chumvi, na visima vya pwani huongezeka chumvi kadiri kiangazi kinavyorefuka. Ukiona na uso wa udongo wa viriba umeota unga mweupe, shaka itakuwa ndogo sana. Tafuta maji ya mvua au ya bomba, uyapitishe kwa wingi katika kila kiriba mara moja ili yaioshe chumvi itoke chini, hakikisha matundu ya viriba hayajaziba, kisha rudi kwenye umwagiliaji wa kawaida.

Angalia pia mbolea uliyochanganya. Samadi ya kuku au ya mbuzi ambayo haijaoza vya kutosha huunguza mizizi na kuleta ncha za namna hiyo hiyo. Kama ni hivyo, hamisha mche kwenye udongo wa kichanga uliochanganywa na mboji iliyokomaa, ukate ncha za mizizi zilizokufa, na uuweke kivulini. Majani mapya yakitoka safi, hicho ndicho cheti chake cha afya.

Mchangiaji, Konde

Nami niulize jambo la biashara. Mteja amekwisha kunilipa miche ya vanila na ya pilipili manga, na mvua imefika. Nina miche niliyoiuguza baada ya kuoza mizizi kidogo, sasa imetoa majani mazuri. Nimpe?

Mwanzisha uzi (Wete)

Usimpe ndugu yangu, na nakuomba kwa moyo wangu wote. Mche uliooza mizizi ukatoa jani jipya umeonyesha nguvu, haukuonyesha usafi. Jani linaweza kutoka kwa akiba iliyomo ndani ya kipando huku chini ugonjwa ungalipo. Mteja ataupanda kwenye mfenesi au kwenye gilirisidia yake, mti mwingine wa kuegemeza, na masika ya mwakani utakufa na kuwaachia wenzake ukungu udongoni. Hapo mtu huyo atakuwa amepoteza fedha, mwaka, na sehemu ya ardhi ambayo haitafaa kwa pilipili manga kwa muda.

Mpe ile mizima pekee, hata kama haitimii idadi aliyolipia, na umweleze sababu. Fedha ya iliyopungua mrudishie au mwandikishe kwa mvua za vuli, kama mwenyewe ataridhia. Kabla hujamkabidhi, chana viriba vichache mbele yake, vya kuchagua yeye, na uisuuze mizizi aione kwa macho yake. Miche uliyoiuguza baada ya jua au safari unaweza kumuuzia ukimweleza historia yake, ilimradi ina angalau majani mawili mapya na mizizi meupe.

Hiyo iliyobaki, kama ni vanila, kata juu, tazama mkato, na upande kipande safi kwenye pembe yako mwenyewe iliyotengwa. Kama ni pilipili manga, itie gunia moja na ile iliyokufa.